Kidude Kilichokuwa Ndani ya Kopo la Kakao

Ester mwanangu,

Shangazi yako amekuchukua ukaage majirani, na najua hamtarudi mapema, maana kila nyumba itataka mnywe chai. Nimekaa hapa jikoni, kwenye kiti cha mama yako, nakuandikia maneno ambayo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa miaka miwili. Jana nilijaribu. Ulikuwa unakunja nguo zako, nikaja nikasimama mlangoni, ukaniuliza, "Baba, unahitaji kitu?" Nikasema natafuta koleo. Koleo lilikuwa mkononi mwangu.

Mambo ya kula, ya kuvaa sweta na ya kutopokea biskuti za mtu usiyemjua ndani ya basi, shangazi yako amekwisha kuyasema mara tatu na kesho atayasema tena. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukuandikia habari za gari. Tafadhali usiiweke barua chini. Tangu tumzike mama yako hujakanyaga ndani ya gari lile, na mvua ikinyesha uko radhi kulowa kutoka Lushoto mjini mpaka hapa Irente kuliko nije nikuchukue. Sijawahi kukuuliza sababu kwa kuwa sababu naijua. Soma mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Unakumbuka nilijifunza ufundi Magoma, huko bondeni, nikiwa kijana. Mzee Salehe aliyenifundisha alikuwa fundi kweli, na mkali. Magoma ni joto, wewe umepita, unajua. Magari ya pale yalikuwa yanachemsha kila siku, na gari likiingia gereji kwa Mzee Salehe, jambo la kwanza, kabla hata ya kumsalimia mwenye gari sawasawa, alikuwa anafungua pale juu ya injini panapoingia bomba la rejeta, anachomoa themostati, anaitupa kwenye debe. "Hiki kizibo," alikuwa akisema. "Kinazuia maji yasizunguke. Wazungu wamekiweka kwa sababu kwao kuna baridi. Huku kwetu hakina kazi." Na kwa kweli magari mengi pale yalipona, au yalionekana kupona. Nilichomoa vizibo vile miaka minne mpaka mikono ikawa inajua njia yenyewe. Kisha nikapanda huku mlimani, nikafungua gereji yangu, na kila gari lililoingia kwangu nililifanya hivyo hivyo. Sikuwahi kusimama nikajiuliza kwa nini asubuhi nafanya kazi ile nikiwa nimevaa makoti mawili na kofia ya sufu.

Gari letu nililinunua kwa mwalimu mmoja wa Soni. Akaniambia, "Dogo hili, lakini linapanda mlima kama limetumwa." Wiki ile ile nikalifanyia huduma kubwa, na kizibo nikakichomoa. Sikukitupa, sijui kwa nini. Nilikitia kwenye kopo la kakao pamoja na nati zilizobaki. Kuanzia hapo gari likawa zito. Nikasema mwalimu ameniongopea. Nilimsema yule mzee wa watu kwa miaka, Ester, hata nikikutana naye sokoni namsalimia nusu nusu.

Ukawa wimbo wa nyumba yetu, uzito wa lile gari. Tukipanda kutoka Mombo bodaboda zinatupita, mzee mwenye mzigo wa majani kichwani anatupita, na mama yako anashusha kioo anawapungia mkono: "Mkifika mtuandalie chai!" Ni yeye aliyeliita Tutafika. Ulikuwa unacheka mpaka unashika tumbo, ukiwa nyuma na meno yako mawili ya mbele hayapo. Nami nilikuwa nacheka, lakini moyoni nilikuwa naona aibu. Fundi mzima, gari langu linapitwa na mtu mwenye majani.

Kwa hiyo nikaanza kulitafutia nguvu, na hapo ndipo nilipoonyesha ujinga wangu wote. Niliondoa chujio la hewa ili livute vizuri, likavuta vumbi. Nikakata ekzosi, likawa na kelele za lori na mwendo ule ule. Nikaweka matairi makubwa, likazidi kuwa zito. Plagi nilikuwa nazisafisha kila Jumamosi, zinatoka nyeusi tititi, na badala ya kuuliza masizi yale yanatoka wapi, nilikuwa naona fahari jinsi ninavyojua kuzisafisha. Linakunywa mafuta kama halina akili nzuri. Nikasema mafuta ya siku hizi ni mabaya. Ukisoma vizuri utaona kila mara yuko mtu mwingine mwenye kosa.

Sasa nafika kwenye siku ya kopo. Ulikuwa kidato cha tatu, likizo, unanisaidia gereji kama ulivyozoea tangu mdogo. Ulikuwa unatafuta nati, ukaja na kile kidude kiganjani. "Tate, hiki ni cha nini?" Wakati huo bado ulikuwa unaniita Tate, yaani baba, kama wanavyosema nyumbani kwa bibi yako. Walikuwapo wateja watatu wanaota moto kwenye jiko la mkaa, asubuhi ya Julai, ukungu mpaka mlangoni. Nikakujibu kwa sauti ya Mzee Salehe: hicho ni cha Wazungu, kwao kuna baridi, huku hakihitajiki. Ukaniangalia. Ukawaangalia wale watatu walionyoosha mikono kwenye moto. Ukasema, "Na sisi hapa tuko kwenye joto?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Hukukusudia kuniaibisha, nilijua hata wakati ule. Uliuliza swali la mtu anayefikiri. Tena ukaendelea, masikini, ukidhani mimi pia nimefurahi: "Labda ndiyo maana Tutafika haliendi. Labda halipati moto." Nikakuambia, mbele yao, nenda kamsaidie mama yako kumenya viazi, gereji si mahali pa watoto wa kike wenye midomo. Ukakirudisha kile kidude kwenye kopo, polepole, ukafunga kifuniko, ukaondoka. Hukurudi tena gereji, na mimi sikukuita.

Jioni ile mama yako aliniambia neno moja tu, akiwa anapakua chakula. "Mtoto amekuuliza, hukumjibu." Nikasema nimechoka. Akasema, "Haya." Unaijua ile haya yake.

Ningekiweka siku ile. Ester, ni kazi ya saa moja.

Siku ya Mtae ulikuwapo, na sina haja ya kukusimulia uliyoyaona. Lakini nataka uyasikie kutoka kinywani mwangu, kwa sababu huko nyuma nimeyasimulia kwa watu wengi na sikuwahi kuyasimulia vizuri. Tulikwenda huko arusini kwa mjomba wako, tukalala. Asubuhi mama yako akaamka na tumbo. Basi lilikuwa limeondoka alfajiri. Mjomba wako akaniambia, "Shemeji, ngoja kidogo, pikapu ya viazi inapakia pale juu, itashuka sasa hivi. Dereva wake anaijua barabara." Nami nikasema, na niliyasema kwa sauti ili watu wasikie, kwamba mke wa fundi hapandi juu ya viazi. Ndivyo nilivyosema. Nikanunua mafuta chupa mbili kwa Bi Zaina, yule mama anayeuza kando ya barabara, nikamlaza mama yako kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwako, tukaondoka.

Baridi ya siku ile ilikuwa ya kukata masikio. Gari lilitoa moshi mweusi tangu mwanzo. Tulipoanza kupanda ule mlima wa baada ya daraja nikaweka gia ya kwanza, likakohoa, likatetemeka, likazima kwenye kona ya mikaratusi. Nikafungua boneti. Plagi zimelowa, zimejaa masizi. Nikazifuta kwa shati langu, nikazichoma kwa kiberiti, nikazirudisha, likawaka, likazima. Nikazitoa tena. Ukatoa kichwa dirishani ukasema, "Tate, gusa rejeta. Ni ya baridi." Nikakufokea. Nilikuambia nyamaza, mshike mama yako. Na niligusa, Ester. Uliporudisha kichwa ndani niligusa. Ilikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni. Nilijua pale pale kwamba injini haipati moto, na nikaendelea kufuta plagi.

Mama yako akasema kwa sauti ndogo, "Tutafika." Sijui alikuwa anatania au anatutia moyo. Nimejiuliza sana.

Kisha ikaja ile pikapu. Tulimpandisha juu ya magunia ya viazi, tukamfunika koti langu, ukakaa unamkinga upepo kwa mgongo wako mpaka Lushoto. Mke wa fundi alipanda juu ya viazi, na alikuwa amechelewa. Hospitalini waliniambia mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, hata mwenyewe hakuwa ameijua, na damu ilikuwa inavujia tumboni tangu asubuhi. Daktari akauliza, bila ubaya wowote, tulichelewa wapi. Nikasema, "Mafuta. Tuliuziwa mafuta yaliyochakachuliwa." Ulikuwa umesimama karibu yangu. Uligeuza uso ukaangalia ukuta.

Neno lile nililisema mara ya kwanza kwa sababu ya woga, na baada ya hapo sikuweza kulirudisha. Kila aliyekuja msibani aliuliza, na kila aliyeuliza nilimwambia mafuta. Siku ya tatu akaja Bi Zaina mwenyewe, amesafiri kutoka Mtae na mkungu wa ndizi. Akaketi mkekani na kina mama, na wale kina mama wakasogea, mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake na mkungu wake. Nilikuwa nimesimama chini ya paa la jikoni, niliona kila kitu. Nikajifanya naongea na mchungaji. Ulikwenda wewe ukakaa naye. Nikadhani ni adabu tu.

Kuanzia hapo ukawa unaniamkia "Shikamoo, Baba" asubuhi, na jioni "Usiku mwema, Baba," na hakuna siku hata moja uliyonikosea heshima. Ungenitukana ningepumua. Neno Tate sijalisikia tena.

Wiki mbili zilizopita shangazi yako akanionyesha barua ya chuo cha Arusha. Nilidhani ni ualimu. Nikasoma: ufundi wa magari. Nikarudi kusoma mara ya pili. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba umeichukia kazi hii pamoja na mimi. Kumbe ulikuwa unaipenda muda wote ule, na unakwenda kujifunza kwa wageni kitu ambacho ungekipata hatua kumi kutoka mlangoni kwako, kama baba yako asingekufukuza. Niliumia sana, mwanangu. Nimeumia hata sasa ninapoandika, na sioni haya kukuambia.

Siku ile ile nilikwenda gereji nikalitafuta lile kopo. Lilikuwa nyuma ya betri mbovu. Kidude kilikuwemo, kimeshika kutu kidogo pembeni. Nikakileta hapa jikoni, nikakifunga uzi, nikakitumbukiza kwenye sufuria ya mama yako yenye maji ya baridi, nikawasha moto. Wewe utafundishwa jaribio hili, utalifanya kwa vifaa vizuri zaidi. Maji yakiwa ya baridi mlango wake umefungwa, ili maji ya rejeta yasiingie kuipoza injini; injini isiyopata moto haichomi mafuta yote, na hapo ndipo yalipotoka masizi ya plagi. Yakipata moto wa kutosha, unafunguka wenyewe. Nikachuchumaa naangalia. Maji yakaanza kutoa mvuke, na nilikuwa naomba kisifunguke. Kweli, niliomba kiwe kimekufa, ili niseme hata ningekirudisha siku ile kisingefaa kitu. Kikafunguka. Taratibu, vizuri kabisa, kama kilikuwa kinasubiri. Nilikaa chini hapa sakafuni nikalia mpaka maji yakakauka sufuriani.

Basi nikakirudisha mahali pake, na gasketi mpya. Nikaweka plagi mpya, nikanunua chujio la hewa badala ya lile nililoliondoa kwa mikono yangu, nikarudisha matairi ya kipimo chake, nikaunga ekzosi. Breki za nyuma nazo zilikuwa zinakamata kidogo, nikazilegeza. Sikuongeza nguvu yoyote, Ester. Nilirudisha tu kila nilichokuwa nimekiondoa. Nilipofika hapo ndipo nikajua safari ya kulijaribu ni moja tu.

Jumatano nilipokuambia nakwenda kutengeneza mashine ya mtu, nilikwenda Mtae.

Bi Zaina hauzi mafuta tena. Wateja walimkimbia mwezi ule ule wa msiba, sasa anauza plamu na chai. Nilisimama mbele ya banda lake nikiwa na kofia mkononi, nikamwambia yote, ya rejeta, ya daktari, ya mkeka. Kumbuka nimemzidi umri. Akanisikiliza mpaka mwisho, anakatakata plamu. Kisha akasema, "Keti, baba Ester. Mwanao alishaniambia."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba ulikwenda kwake likizo ya kwanza baada ya msiba, kwa basi, peke yako, ukampigia magoti. Kwamba kila likizo unakwenda, unashinda naye, unamsaidia kuchuma plamu. Nilidhani unakwenda kwa mjomba wako tu. Nikamuuliza, kama mlijua wote wawili, kwa nini yeye hakuwaambia watu akajisafisha? Akasema, "Aliniomba nisubiri. Alisema, baba yangu atakuja mwenyewe, ila bado ana huzuni. Nikamwambia mwanangu, na asipokuja? Akasema atakuja."

Miaka miwili, Ester. Nilidhani unanihukumu, kumbe ulikuwa unaningoja.

Nikamwomba Bi Zaina twende pamoja mpaka kwenye duka la pale kituoni ambapo wazee wanakaa, nikayarudia mbele yao. Haikuwa rahisi na sitakuambia yote waliyosema, mjomba wako akiwamo. Walikuwa na haki. Mjomba wako aliondoka bila kuniaga.

Kurudi, nilikuwa napanda mlima ule ule, upande ule ule, baridi ile ile. Mshale wa joto umesimama katikati, mahali ambapo sijawahi kuuona tangu nilinunue gari hili. Nikaweka gia ya pili, nikajiandaa kushuka mpaka ya kwanza. Halikutaka ya kwanza. Nilikuwa nafikiria maneno ya Bi Zaina, na nilipokuja kushtuka naona shamba la chai mbele, nikajua kona ya mikaratusi nimekwisha kuipita. Nimeipita bila kuijua. Pale ambapo tulikaa na mama yako muda wote ule, gari limepita kwa dakika isiyofika. Nikaegesha, nikarudi kwa miguu, nikasimama pale. Nilimwambia mama yako tumefika. Sikuwa na kitu kingine cha kumwambia.

Sikuandikii haya ili unisamehe haraka haraka kwa kuwa kesho kuna basi. Kaa nayo muda wako. Nakuandikia pia kwa ajili ya kazi unayokwenda kuifanya, kwa sababu mimi nimeifanya miaka mingi na kitu kimoja tu nimekijua, tena nimekijua nimechelewa. Gari likija kwako halina nguvu, utatamani kuongeza. Uliza kwanza nani ameondoa nini. Na kama aliyeondoa ni wewe, sema siku ile ile, hata kama wateja wanaota moto wanakuangalia. Aibu ile ni ya asubuhi moja.

Nasikia sauti ya shangazi yako barabarani, kwa hiyo namalizia. Kesho nitaliwasha Tutafika mapema, lipate moto kabla hujatoka. Mlango wa mbele, upande wa mama yako, nitauacha wazi. Ukiingia, nitakushusha mpaka Mombo ukapande basi lako, na nikitaka kuongea sana uniambie nyamaza. Usipoingia, ukapita moja kwa moja kuelekea barabarani, nitazima injini, nitalichukua begi lako kichwani, na tutatembea wote mpaka stendi ya Lushoto. Sitauliza kitu. Ila tukifika, ukishapanda, ukishakaa dirishani, usiniambie "Kwaheri, Baba." Kama kuna neno jingine limebaki, niite kwa hilo.

Mimi uliyeningoja,
Baba yako